Treni ya Jumatatu ya Pentekoste

Klabu ya Treni za Mvuke ya Penmellin haikuwa na treni hata moja. Ilikuwa na kompyuta tatu, skrini kadhaa, spika za kuazima, na chumba cha dereva kilichoundwa kwa mbao na Jory Tregear, fundi bomba wa mjini, ambaye alikuwa na bahati mbaya ya kujua kazi nyingi. Vyote hivyo viliwekwa katika ukumbi wa nyuma wa kanisa la Wamethodisti, unaonuka chai na makoti mabichi. Treni yenyewe ilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta: kichwa cha mvuke cha kijani, mabehewa manane ya rangi ya kahawia na maziwa, na njia ya reli iliyong'olewa miaka sitini iliyopita. Wanachama waliijenga upya humo mchezoni, kituo kwa kituo, mpaka na choo cha stesheni ya Trewarden.

Mtu mwenye treni ya mchezo ungetegemea aicheze. Si watu wa Penmellin. Hao waliiwekea Kitabu cha Kanuni, kile kile cha reli ya kweli cha mwaka 1950, kurasa mia mbili na arobaini, wakakifuata utadhani kuna mtu angekufa. Dereva aliyechelewa dakika tatu aliandika barua ya kujieleza. Aliyetaka chai alisubiri kituo. Na kanuni ya kumi na moja ilisema hakuna atakayeshika wenzo wa mvuke kabla ya kupimwa macho kwa kuchagua nyuzi za sufu, nyekundu hapa, kijani pale, mbele ya katibu.

Morwenna Nancarrow alikuwa kipofu tangu ana miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na hamsini na nane.

Mara tatu aliomba udereva, na mara tatu katibu, Clement Pascoe, alimwekea nyuzi mezani kwa adabu zote, akamwomba achague ya kijani. Mara ya kwanza Morwenna alicheka. Mara ya pili alichagua, akakosea. Mara ya tatu alizisukuma nyuzi zikaanguka chini, akaenda nyumbani akalia jikoni mpaka mumewe Denzil akazima redio kwa heshima.

Ukweli ni kwamba alijua kuendesha treni ile kuliko nusu ya klabu. Miaka miwili alikuwa akiiendesha nyumbani, ameziba masikio kwa spika za kichwani, Denzil akimsomea ishara za njiani huku akikata vitunguu. Morwenna alikuwa mpokea simu wa hospitali kwa miaka ishirini na minane, na masikio yake yalikuwa yameajiriwa muda huo wote. Alijua daraja kwa mlio wake na handaki kwa mlio wake. Mwendo aliujua kwa kuhesabu: vipande vya reli ile vilikuwa vya futi sitini, na ukihesabu magurudumu yanavyogonga maungio kwa sekunde arobaini na moja, hesabu uliyopata ndiyo maili zako kwa saa. Lakini nyumbani ni nyumbani. Alichotaka ni treni ya Jumatatu ya Pentekoste, ile yenye abiria.

Maana siku hiyo ukumbi ulijaa watu. Kila mwaka, Jumatatu ya Pentekoste, watu wazima wa Penmellin walivaa nguo nzuri, wakatobolewa tiketi mlangoni, wakakaa kwenye viti vilivyopangwa wawili wawili kama behewani, wakitazama mashamba yakipita kwenye skrini za pembeni. Walikula pasti za nyama na skoni, vimkate vyenye jemu chini na krimu juu, wakasafiri saa moja na dakika kumi na nne mpaka Porthkellow bila kutoka ukumbini. Mchezo nao uliwapima abiria wake wa ndani: breki za ghafla zikiwarusha, alama zilishuka. Lakini alama zilizoogopwa zaidi zilikuwa za Bi Loveday Bray, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyekaa kiti cha mbele na kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, akisubiri dereva ammwagie.

Ni Jory aliyeuona mlango. Aliukuta kwenye ukurasa wa mia na tisa wa Kitabu, akaja nao kwenye mkutano wa Aprili.

"Hapa pameandikwa," alisema, "kwamba anayejifunza anaweza kuendesha treni ya abiria, ikiwa mtu aliyehitimu yuko naye chumbani na anabeba dhamana. Na hapa tena, kwamba dereva asipoiona ishara kutoka upande wake, mtia makaa ataiita kwa sauti, na dereva ataitikia. Haijasemwa kwa nini hakuiona."

"Kwa sababu ya kona," alisema Pascoe.

"Kitabu hakisemi kona, Clement."

Pascoe alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena. Alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, mtu mrefu mwenye shingo nyembamba, na hakuwahi kumdhulumu mtu maishani mwake nje ya maandishi. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Lakini mwenye vyeti vyote viwili humu, cha dereva na cha mtia makaa, ni mimi peke yangu. Mtia makaa nitakuwa mimi."

"Nitashukuru, Bwana Pascoe," alisema Morwenna.

"Usishukuru mapema. Ukifika bila kuchelewa zaidi ya dakika mbili, na abiria wasilalamike, mkutano utapiga kura kuhusu kanuni ya kumi na moja siku hiyo hiyo. Ukipita ishara moja iliyofungwa, moja tu, mambo yamekwisha. Hutaomba tena."

"Mwaka huu?"

"Hata mwaka mwingine."

Morwenna akakaza uso. "Sawa," alisema. "Weka kwenye maandishi."

Hapo Pascoe alimpenda kidogo, ingawa hakuonyesha.

Siku yenyewe ilikuja na abiria thelathini na mmoja. Saa nane kasoro dakika tano Morwenna alipanda chumba cha mbao, akapapasa kila kitu mahali pake: wenzo wa mvuke juu, breki kushoto, kamba ya honi. Moyo ulimdunda mpaka akaogopa utamchanganyia hesabu. Pascoe alisimama upande wa pili na beleshi lake, kwani Jory alikuwa ametengeneza beleshi la kweli lenye waya, na kila ulipolisukuma kwenye shimo la tanuri, makaa yaliingia mchezoni. Skrini ya mbele, yenye njia na ishara, ilikuwa humo chumbani tu. Abiria hawakuiona. Jory alikuwa nyuma ya pazia, akipanga ishara na treni nyingine, na hakuruhusiwa kusema na dereva neno lolote.

"Ishara ya kuondokea, wazi," alisema Pascoe.

"Wazi," alisema Morwenna, akafungua mvuke.

Kichwa kilivuta pumzi ya kwanza, nzito, ya pili, ya tatu. Sakafu ya ukumbi ilitetemeka, maana spika zile hazikuwa za mchezo. Nyuma yao Bi Loveday alisema kwa sauti ambayo watu wote walipaswa kuisikia, "Kikombe hakijatikisika. Wenye macho mwaka jana walinilowesha sketi yote."

Mpaka Trewarden walikwenda kama waliofunga ndoa ya kupangiwa. Pascoe aliita, Morwenna aliitikia. Pascoe alitia makaa kidogo kidogo, kila mara mahali tofauti, akasoma presha kwa sauti kavu. Morwenna aliendesha akiwa ameinamisha kichwa upande wa spika. Kwenye kila ishara ya mbali, ile inayokuambia mapema kama ya mbele yake imefungwa au iko wazi, chumba kilitoa mlio: kengele kama njia iko wazi, king'ora kama haiko wazi. King'ora kikilia, dereva alipaswa kukizima kwa kibao kidogo, la sivyo treni ingefunga breki yenyewe. Madereva wa klabu walikuwa wamezoea kukigonga kibao hicho kabla hata masikio hayajaamua yamesikia nini. Kwao king'ora kilikuwa kelele tu, kama mbwa wa jirani.

Kule Trewarden alisimamisha behewa la mwisho mwanzoni mwa jukwaa barabara, kwa kusikia mwangwi wa ukuta wa stesheni ulipoanzia. Kituo cha Lanvean vivyo hivyo. Saa yake ya kupapasa ilimwambia wamechelewa sekunde ishirini. Mvua ya mchezo ilianza kunyesha, akaisikia kwenye paa la bati, na pale viti vya nyuma mtu alianza kukoroma. Dereva hapewi sifa kubwa kuliko hiyo. Morwenna aliruhusu mabega yake yashuke.

Kisha wakaingia kwenye kona ndefu kabla ya njia panda ya Carn. Hapo reli inagawanyika, moja inaendelea Porthkellow na nyingine inashuka bandarini, na ishara za mbali za njia zote mbili zimesimama kwenye mlingoti mmoja, mikono miwili bega kwa bega; mkono ukishuka, njia yake iko wazi.

"Ishara ya mbali ya Carn," alisema Pascoe, "wazi."

Na papo hapo king'ora kikalia.

Ni sekunde moja na nusu, si zaidi, lakini humo ndani Morwenna alipitia mengi. Mtu mwenye macho, mwenye vyeti viwili, aliyebeba dhamana, amesema wazi. Akifunga breki bure atapoteza dakika tatu, na dakika tatu zinazidi mbili alizopewa. Akikizima king'ora na kwenda, hakuna atakayemlaumu, maana aliitikia alichoambiwa. Lakini kanuni ya Pascoe haikusema *asilaumiwe*. Ilisema asipite.

Alikizima king'ora, akaubana mvuke, akaanza kuvuta breki, pole pole, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Nimesema wazi," alisema Pascoe.

"Nimekusikia, Bwana Pascoe. Na king'ora nimekisikia."

"Mkono umeshuka. Nimeuona kwa macho yangu."

"Upi?"

Treni iliendelea kupunguza mwendo, arobaini, thelathini, ishirini, magurudumu yakigonga kwa nafasi, na Morwenna akasubiri sauti ya mtu huyo huku jasho likimtoka chini ya kofia. Ilipokuja ilikuwa ndogo.

"Ishara ya kusimama," alisema Pascoe. "Imefungwa. Mita mia. Themanini. Hamsini."

"Imefungwa," alisema Morwenna, akasimamisha treni kwa pumzi moja laini, mita kumi kabla ya mlingoti. Sekunde chache baadaye treni ya maziwa, iliyochelewa kutoka bandarini, ilipita mbele yao ikipiga kelele, tangi baada ya tangi, kwenye reli ile ile ambayo wangekuwa juu yake.

Abiria waliona tu ng'ombe wamesimama kwenye skrini za pembeni. "Mbona tumesimama?" aliuliza mmoja. "Kunywa chai yako," alisema Bi Loveday.

Chumbani, Pascoe alikuwa ameshika beleshi bila kulitumia. Mkono ulioshuka ulikuwa wa njia ya bandarini. Aliusoma mkono usio wake, kosa ambalo angemwandikishia mtu mwingine barua mbili. Dakika nne zilipita, kisha tano. Ishara ikafunguka, naye hakuiita.

Morwenna aliusikia waya wa ishara ukivutwa kando ya njia, lakini kanuni ni kanuni. "Bwana Pascoe," alisema, "nahitaji macho yako."

"Macho yangu yamekuponza."

"Yamekosea mara moja tangu tuondoke, na mimi bado ninayataka. Hayo mengine tutayaongea tukifika. Ishara inasemaje?"

Pascoe aliinamia skrini. "Wazi," alisema. "Nimeangalia mara mbili. Ni ya kwetu, na iko wazi."

"Wazi. Nipe mchanga kwenye reli tusiteleze, na moto wote ulio nao."

Sasa ilikuwa maili kumi na tatu mpaka Porthkellow, ya kwanza mlima mtupu, reli zimelowa, na treni imechelewa dakika tano na sekunde ishirini. Morwenna alifungua mvuke. Pumzi mbili zilitoka sawa, ya tatu ikataka kuteleza. Aliisikia kabla magurudumu hayajazunguka bure, akabana kidogo, akafungua tena kwa upana wa kidole, akabana, akafungua. Mtia makaa yeyote angekwambia kwamba ukianza mlima wa Carn kwa mvua na mabehewa manane bila kuteleza hata mara moja, nenda kanisani ukashukuru. Wao kanisani walikuwa tayari.

"Presha?"

"Mia mbili na ishirini. Ninaishikilia," alisema Pascoe. Alikuwa amevua koti. Hakuna mwanachama aliyewahi kumwona Clement Pascoe bila koti.

"Usiishikilie. Ipandishe. Huko juu nitaila yote."

"Kula. Nitakupikia nyingine."

Walipofika kileleni kichwa kilikuwa kinanguruma, na Morwenna alitabasamu peke yake akielekea mteremko. Akaanza kuhesabu maungio. Arobaini na nane. Hamsini na tano. Pascoe alikuwa akiita ishara mapema, kwa sauti kamili, akitaja na njia yake: ya kwetu, wazi; ya kwetu, wazi. Na baada ya kila wito kengele ililia, na Morwenna akaitikia vyote viwili.

"Kikomo ni sitini," alisema Pascoe. "Hakuna sitini na moja."

"Wewe umesoma ngapi?"

"Sitini kamili."

"Na mimi nimehesabu sitini," alisema Morwenna, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakacheka wote wawili, treni ikiruka madaraja ya Pol, upepo wa spika ukipeperusha vitambaa vya meza. Abiria waliacha kuzungumza. Aliyekuwa akikoroma aliamka. Watu walianza kutazama saa ya ukutani, kisha wakatazamana, kisha wakasogea kwenye kingo za viti, na mzee mmoja alianza kupiga paja lake kufuata pumzi za kichwa bila kujua anafanya hivyo.

Handaki la Porthkellow liliwameza na kuwatema. Morwenna aliusikia ukuta wa stesheni ukija, akavuta breki mara moja tu, akaiachia kidogo kidogo mwishoni ili abiria wasirushwe, na treni ikasimama mahali pake.

"Saa tisa, dakika kumi na tano, sekunde hamsini," alisema Jory nyuma ya pazia, sauti yake ikipasuka. "Imechelewa dakika moja na sekunde hamsini."

Bi Loveday alisimama, akainua kikombe chake juu kabisa watu wakione. Kilikuwa kimejaa. Hakuwa amekinywa njia nzima, na chai ilikuwa imepoa kabisa, lakini alikinywa hapo hapo chote, na ukumbi ukalipuka kwa makofi na miguu iliyopigwa sakafuni. Morwenna alishika wenzo uliopoa, akalia waziwazi, kwa furaha, wala hakujifuta.

Desturi ilitaka mtia makaa aandike taarifa ya safari na kuisoma mbele ya mkutano. Pascoe aliandika akiwa amesimama. Yaliyotokea chumbani mle waliyajua watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa akishikwa mikono na kina mama na hakuonekana kama mtu wa kusema. Pascoe alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akasoma.

"Saa nane na dakika arobaini na tisa, njia panda ya Carn. Mtia makaa aliita wazi kwa ishara ambayo haikuwa wazi. Alisoma mkono wa bandarini. Dereva hakumfuata. Dereva alisikiliza king'ora ambacho sisi wote tumeacha kukisikiliza, akasimamisha treni. Kama angemtii mtia makaa, treni ingegongana na ya maziwa ikiwa na abiria thelathini na mmoja. Lawama ni ya mtia makaa peke yake. C. Pascoe."

Denzil, ambaye alikuwa amemaliza skoni nne kwa wasiwasi, aliweka ya tano chini.

"Hoja iliyopo," aliendelea Pascoe, "ni kufuta kanuni ya kumi na moja, na Morwenna Nancarrow aandikwe dereva. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Morwenna alisikia nguo zikisuguana, na viti, na baada ya hapo hakusikia kitu. Alisimama katikati ya ukumbi uliojaa mikono, uso umeinuka, akingoja kuambiwa.

Pascoe alimtazama. Alifungua Kitabu cha Kanuni mahali palipozungumzia kura, akapasoma, kisha akakifunga.

"Shusheni mikono," alisema. "Semeni kwa sauti. Mmoja mmoja."

Watu waligeukiana. Katika miaka kumi na minne ya ukatibu wake hawakuwahi kumsikia akiagiza jambo ambalo halikuandikwa. Kisha Bi Loveday, kutoka mbele, akasema, "Naam, mpenzi wangu." Jory, kutoka kwenye pazia, "Naam." Halafu wakafuatana, safu kwa safu, naam ya mwoka mikate, naam ya mwalimu wa kwaya, naam ya Denzil iliyojaa makombo, nzito na nyembamba, na Morwenna akazijua zote, akageuza uso kuelekea kila moja ilipotoka, akataja jina la mwenye nayo kwa kunong'ona. Alihesabu mpaka thelathini na mbili. Ilibaki moja.

Ilitoka karibu sana, mkono wa kulia, pale mtia makaa anaposimama.

"Naam, Dereva," alisema Clement Pascoe. "Treni ya kurudi inaondoka saa kumi. Nikachochee moto?"

"Kachochee," alisema Morwenna.